Mgeni Alale Shambani, na Shamba Libaki Shamba

Asubuhi magari ya watalii hupanda kutoka Moshi mjini kuelekea Materuni na Marangu. Wageni hupita chini ya migomba, huoneshwa mibuni, hutwanga kahawa kwenye kinu huku wenyeji wakiimba, hunywa kikombe kimoja au viwili, huenda kutazama maporomoko ya maji, na jioni hurudishwa mjini walikolipia chumba. Unguja mambo ni hayo hayo. Mashamba ya viungo ya Kizimbani na vijiji vya jirani hupokea watu wanaonusa karafuu, iliki na mdalasini, kisha hurudi Mji Mkongwe au kwenye hoteli za pwani kabla ya chakula cha jioni. Ziara za namna hii zimewapa vijana wa vijijini kazi ya kuongoza wageni, na sitaki kuzibeza. Lakini zina kasoro moja kubwa: kivutio ni shamba, ilhali fedha nyingi zinalipwa mjini. Hoja yangu ni kwamba utalii wa mashambani humfaa mkulima pale tu masharti mawili yanapotimia kwa pamoja. La kwanza, mgeni alale huko huko shambani. La pili, kilimo kibaki kuwa kazi kuu ya nyumba hiyo, na kitanda cha mgeni kiwe kazi ya pembeni. Sharti la kwanza huleta fedha. La pili huzuia fedha hizo zisilimeze shamba lililozileta.

Tuanze na usiku. Mgeni anayekaa shambani kwa saa tatu tu humwachia mwenye shamba ada ya kuingia, bei ya kahawa aliyokunywa, na pengine pakiti moja ya kubeba. Gari, dereva, mwongozaji aliyetoka naye mjini, chakula cha jioni, chumba na kifungua kinywa, vyote hulipwa kwingine. Mgeni anayelala hula mara mbili au tatu kabla hajaondoka, na sehemu kubwa ya anachokula inaweza kutoka hatua chache tu nyuma ya jiko: ndizi za mtori, maziwa, mayai, maharage, parachichi, mboga. Majirani nao hupata, kuanzia mwenye kuku na mwenye bodaboda hadi kijana wa kumtembeza mgeni kwenye mifereji ya maji asubuhi. Kwa zao kama kahawa jambo hili lina uzito wa pekee. Mkulima wa Kilimanjaro kwa kawaida huuza kahawa ya maganda, yaani iliyomenywa na kukaushwa lakini haijakobolewa. Kukoboa, kukaanga, kufungasha na kuuza kikombe hufanywa na wengine, wengi wao ng'ambo, na huko ndiko sehemu kubwa ya bei inakobaki. Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa hutoa vikombe 60 hivi. Mezani pa mgeni aliyelala, anayekoboa, anayekaanga na anayeuza kikombe ni mkulima huyo huyo.

Usiku hubadilisha pia kile mgeni anachokiona. Buni nyekundu huchumwa, humenywa, huachwa ichachuke, huoshwa, kisha huanikwa kwa siku nyingi kabla haijafaa kukobolewa. Kazi hiyo haiwezi kukamilika mbele ya mtu mwenye saa tatu mkononi. Kwa hiyo mwenyeji hulazimika kuifupisha: punje zilizokauka zipo tayari, kinu kipo tayari, moto umewashwa, na wimbo ni ule ule wa jana. Simlaumu, maana saa tatu haziruhusu zaidi ya hapo. Ila matokeo yake ni kwamba kazi ya kilimo inageuka onesho, na mwenye shamba anayeigiza kilimo mara nne kwa siku hukosa muda wa kulima. Anayelala siku mbili hahitaji kuigiziwa chochote. Ataamka ng'ombe wakikamuliwa, atawaona wanaorudi na majani ya mifugo vichwani kutoka tambarare, na mvua ikinyesha atajua kwa nini kahawa iliyoanikwa inakimbiliwa kufunikwa. Shamba likiendelea na siku yake ya kawaida, linatosha.

Nchi iliyolipima jambo hili kwa miaka mingi, tena kwa sheria, ni Italia. Mwaka 1951 Waitalia zaidi ya 40 katika kila 100 waliokuwa na kazi walikuwa wakulima. Miaka 20 baadaye walikuwa chini ya 20. Vijana walikwenda kwenye viwanda vya Torino na Milano, wengine wakavuka kwenda Ujerumani na Uswisi. Katika mkoa wa Toscana ardhi nyingi ilikuwa ikilimwa kwa mfumo wa mezzadria, mkulima akigawana mavuno na mwenye ardhi. Mwaka 1964 sheria ilipiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo, lakini kufikia wakati huo familia nyingi zilikuwa zimekwisha kuhama. Zikabaki nyumba za mawe zenye vyumba vingi, tupu, katikati ya mizeituni na mizabibu. Mwaka 1965 likaundwa shirika la wakulima lililoitwa Agriturist, kwa wazo kwamba nyumba hizo zingeweza kuwapokea watu wa mjini wakati wa likizo na kuwapa waliobaki sababu ya kutoondoka. Ilichukua miaka 20 zaidi kupata sheria ya taifa: sheria namba 730 ya mwaka 1985, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sheria namba 96 ya mwaka 2006.

Sheria hizo zinastahili kusomwa na kila halmashauri ya wilaya yenye mashamba na wageni, kwa sababu zilianza kwa kuuliza ni nani anayeruhusiwa kumlaza mgeni. Jibu lao ni mkulima, basi. Anayetaka kutumia jina la agriturismo lazima awe analima au anafuga, na kazi ya wageni lazima ishikamane na shamba lake na kulikamilisha. Kilimo kinapaswa kuwa na uzito mkubwa kuliko ulazaji wa wageni, na mizani inayotumika ni muda wa kazi: siku zinazotumika shambani zilinganishwe na siku zinazotumika kuhudumia wageni. Kigezo hicho kina busara, maana kama mizani ingekuwa mapato, mwaka mmoja wa bei mbaya ya mvinyo ungemfanya mkulima halisi aonekane mwenye hoteli. Vyumba viwe katika majengo yaliyokuwapo shambani tayari. Chakula na vinywaji vitoke kwa sehemu kubwa shambani hapo au kwenye mashamba ya mkoa huo. Upande wa pili wa mkataba ni unafuu: kodi hukadiriwa kwa njia rahisi, na wanafamilia na vibarua wanaohudumia wageni huhesabiwa kisheria kuwa wafanyakazi wa kilimo. Kisha kuna kifungu ambacho ningependa kukiona kikiazimwa Afrika Mashariki: katika shamba lisilopokea zaidi ya wageni kumi, kilimo huchukuliwa moja kwa moja kuwa ndicho kazi kuu. Mtu mdogo hasumbuliwi kujaza hesabu za siku za kazi. Leo Italia ina mashamba zaidi ya 25,000 yenye kibali hicho, Toscana na jimbo la Bolzano yakiongoza.

Je, sheria imeshinda kila mahali? Hapana. Malalamiko kwamba baadhi ya vituo ni hoteli zilizopanda mizeituni michache kando ya bwawa la kuogelea yamesikika Italia kwa miaka mingi, na ukaguzi hutofautiana toka mkoa hadi mkoa. Wapo waliosema kwamba hilo linathibitisha kwamba fedha za wageni hushinda kilimo daima. Mimi naliona kinyume. Malalamiko yenyewe yanawezekana kwa sababu kuna kipimo kinachojulikana. Mahali pasipo kipimo, hoteli iliyozungukwa na migomba hujiita shamba na hakuna wa kuihoji. Jimbo la Bolzano, kwenye milima ya Alpi, linaonesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Mashamba yake mengi ni madogo, yako kwenye miteremko, yanafuga ng'ombe wachache, na maziwa peke yake yasingewatosha wenye nyumba. Chama cha wakulima wa huko ndicho kinachosimamia nembo ya Roter Hahn, kikiyapa mashamba maua kama hoteli zinavyopewa nyota, na anayekagua ni mtu anayejua zizi linavyopaswa kunuka.

Miteremko, mashamba madogo, ng'ombe wachache: msomaji wa Kilimanjaro ameshajiona humo. Kihamba cha Mchaga ni mojawapo ya mifumo ya kilimo iliyofikiriwa vizuri kuliko yote barani. Miti mirefu juu, migomba chini yake, mibuni chini ya migomba, maharage, magimbi na mboga ardhini, ng'ombe na mbuzi bandani wakiletewa majani na kurudisha samadi, na mifongo ikileta maji kutoka mlimani. Mwaka 2011 shirika la FAO lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, Moshi Vijijini, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Lakini utambuzi huo haukuja na bei nzuri ya kahawa. Tangu mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya mauzo ya kahawa ulipovunjika Julai 1989, mkulima amekuwa akibebeshwa kupanda na kushuka kwa bei ambako hana sauti nako. Wengine waling'oa mibuni wakapanda mahindi au nyanya, na mbuni ukiondoka, kivuli nacho hupoteza kazi yake, mti mkubwa huuzwa mbao, na mfumo uliochukua vizazi kujengwa huanza kufumuka. Kitanda cha mgeni hakiwezi kuchukua nafasi ya bei ya haki. Kinachoweza kufanya ni kukipa thamani kihamba kilivyo, na kivuli chake na mfongo wake, hata msimu ambao buni imeshuka bei. Mgeni hatalipa alale katikati ya nyanya zilizopigwa dawa.

Wala wazo hili si geni Tanzania. Programu ya utalii wa kiutamaduni iliyoanza miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV ilivifikia vijiji kama Ng'iresi, Mulala, Mto wa Mbu na Longido, na safu za Usambara na Upare, na baadhi ya wanakijiji waliwalaza wageni nyumbani. Ushirika wa KNCU, ulioanzishwa mwaka 1933, nao ulikuwa na mradi wa Kahawa Shamba uliowapeleka wageni kwa wakulima wenyewe. Kilichokosekana ni fungu la masharti na nafuu linalomtofautisha mkulima anayelaza wageni na mwekezaji wa hoteli. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka biashara za utalii ziwe na leseni, na ni sawa. Lakini mama mwenye vyumba viwili Kibosho na kampuni yenye vyumba 80 Karatu hawafanyi kazi moja, na kuwapima kwa kamba moja humfukuza mmoja wao.

Pingamizi la kwanza linalotolewa huwa ni choo. Vijijini, wanasema, hakuna viwango: umeme hukatika, maji ni ya ndoo, na mtalii hawezi. Pingamizi hili lina ukweli, lakini huwa linachanganya usafi na anasa. Mgeni anayechagua kulala shambani hatafuti bafu la marumaru. Anahitaji godoro zuri na shuka safi, chandarua kisichotoboka, mlango unaofungwa kwa ndani, choo kisafi chenye mwanga usiku, maji ya moto ya kuoga hata kama ni ya ndoo, na maji ya kunywa yaliyochemshwa. Mambo hayo yako ndani ya uwezo wa nyumba nyingi za Machame au Lushoto, hasa nyumba za wazee ambao watoto wao wako Dar es Salaam na vyumba vimefungwa mwaka mzima. Tena hapa sharti la Waitalia la kutumia majengo yaliyopo linasaidia kuliko linavyobana: mkulima hakopi kujenga bungalo, anaanza na chumba kimoja, na akishindwa hajapoteza shamba.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka moyoni. Mgeni kwetu hupokewa bure. Kumtoza ni kuuza utu. Nawaheshimu wanaosema hivyo, lakini mila yenyewe haikuwahi kuufanya ukarimu usiwe na kipimo. Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walijua kwamba nyumba ina riziki yenye mwisho na kwamba anayekaa anapaswa kuchangia. Asiye ndugu, asiye na jembe, na ambaye hatarudi kutupokea kwake, huchangia kwa fedha, na hakuna aibu hapo. Aibu iko mahali pengine, nadra kutajwa. Anayeamka saa kumi na moja kuwasha moto, kuchemsha maji, kupika kiburu na kufua mashuka ni mama wa nyumba au msichana wake, ilhali bahasha mara nyingi hukabidhiwa baba kwa sababu ndiye aliyezungumza na mwongozaji. Kipimo cha muda wa kazi kinafaa hapa pia. Ukihesabu kwa unyoofu siku zinazotumika kumhudumia mgeni, utaona ni siku za nani, na mgawanyo wa fedha uanzie hapo. Mradi wa wageni unaoongeza saa tatu kwenye siku ya mwanamke aliyekwisha kuchoka, bila kumwongezea kitu mkononi, haufai kuitwa maendeleo.

Pingamizi la tatu linahusu uthabiti: utalii ni upepo, leo upo kesho haupo. Ni kweli kabisa. Wageni walioingia Tanzania walikuwa takriban milioni 1.5 mwaka 2019. Mwaka uliofuata, kwa janga la korona, wakashuka hadi takriban 620,000. Wenye hoteli za mkopo waliumia, na waajiriwa wao zaidi. Ndiyo maana sharti la pili si pambo. Nyumba ambayo mgeni ni kipato cha pembeni iliendelea kukata ndizi na kukamua. Iliyokuwa imeng'oa mibuni kupata nafasi ya vibanda haikuwa na pa kurudi. Anayetumia kigeugeu cha utalii kama sababu ya kuwakataza wakulima wasilaze wageni anapaswa kwanza kueleza kwa nini bei ya buni, ambayo nayo ni kigeugeu, wanaruhusiwa kuitegemea peke yake. Mkulima mwenye nguzo mbili zinazoyumba kwa nyakati tofauti yuko salama kuliko mwenye moja.

Upepo huo pia hupungua ikiwa mgeni anatoka karibu. Ufaransa, nyumba za kwanza za mtindo wa gîte zilianzishwa mwaka 1951 katika jimbo la milimani la Basses-Alpes, kwa juhudi za seneta Émile Aubert, na shabaha yake ilikuwa familia za mijini za kipato cha kawaida. Wafaransa walikuwa na likizo yenye malipo kisheria tangu 1936, lakini hoteli ziliwashinda bei. Waliojaza vitanda vya wakulima walikuwa watu wa nchi ile ile. Nasi wageni hao tunao. Kila Desemba barabara ya Segera hujaa magari ya wanaorudi Moshi, na wengi wao huwachukua marafiki na wakwe wasio na kihamba. Dar es Salaam, Nairobi na Mwanza zina watoto ambao hawajawahi kuona ng'ombe akikamuliwa, na shule zinazotafuta safari isiyo ya hifadhi za wanyama. Atasema mtu kwamba Mtanzania hulala kwa ndugu. Hulala, kama ana ndugu Lushoto. Asiye naye hurudi kwake jioni ile ile au haendi kabisa.

Linabaki swali la ardhi, ambalo Bolzano walilijibu kwa njia isiyowezekana kwetu kirahisi. Huko upo utaratibu wa zamani unaozuia shamba kugawanywa wakati wa kurithi: mmoja hulichukua zima na kuwafidia ndugu. Kwa Wachaga mtoto wa mwisho wa kiume ndiye aliyezoea kubaki na nyumba ya wazazi, wakubwa wakimegewa au wakitafutiwa kwingine, na vihamba vimekatwa hadi vingine havitoshi kulisha nyumba moja. Shamba la namna hiyo likianza kuingiza fedha za wageni, hatari yake si tena umaskini bali mnunuzi: atakuja mtu na dola, atanunua vihamba vitatu vilivyopakana, atajenga ukuta, na kuipa migomba mitano kazi ya mapambo. Kwa hiyo haki ya kutumia jina la shamba la wageni isifuate hati ya nyumba, ifuate kilimo. Na kipimo chake kipo tayari, hakihitaji ofisi mpya. Vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, vina daftari la nani ameleta kahawa, kilo ngapi, msimu gani; vituo vya kukusanyia maziwa vina daftari la nani ameleta lita ngapi. Halmashauri inaweza kusema: wageni wasizidi kumi, majengo yawe yale yaliyopo, na kibali kihuishwe kila msimu kwa stakabadhi za mazao, si kwa risiti ya rangi ya ukuta. Msimu wa ukame au wa ugonjwa wa buni upewe msamaha, kwa kuwa mkulima aliyevuna kidogo bado ni mkulima. Asiyepeleka kitu misimu miwili mfululizo wakati jirani zake wamevuna, aendelee kupokea wageni akitaka, lakini kwa leseni ya hoteli na kodi ya hoteli.